Ukipanga safari ya pwani, anza na upepo

Kila likizo za shule zinapokaribia, ndugu na marafiki huniuliza swali lile lile: ni mwezi gani mzuri wa kwenda Unguja, Mafia au Kilwa? Wengi huwa wameshajijibu nusu, kwamba cha muhimu ni kuikwepa masika, na kwangu wanatafuta uthibitisho tu. Masika ni sababu ya kweli, lakini kwa anayekwenda pwani na visiwani mimi siihesabu kuwa ya kwanza. Ya kwanza ni upepo, ya pili ni kujaa na kupwa kwa maji, na mvua naiweka ya tatu.

Kwa asiyekulia pwani, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Bara la Asia linapopata joto kali katikati ya mwaka huvuta hewa kutoka upande wa kusini wa Bahari ya Hindi, na hewa hiyo ikipita kwetu ndiyo kusi. Asia inapopoa mwishoni mwa mwaka, mwelekeo hugeuka, nayo kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Kaskazi hutawala tangu Desemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili na kushika nguvu zake zote Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea taratibu katika demani, yaani kipindi cha mwisho wa kusi, na kati ya pepo hizi mbili kuna majuma ya tangambili, ambapo upepo huwa haujaamua na bahari hutulia kuliko wakati mwingine wowote. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri kwa ratiba hiyo, wala hakuwa na namna nyingine. Ratiba yenyewe bado ina maana hata kwa mtu wa leo anayepanda boti ya kasi, kwa kuwa injini hushindana na upepo lakini haipunguzi mawimbi.

Tuangalie Unguja. Kusi ikivuma, fukwe za mashariki, yaani Bwejuu, Paje, Jambiani hadi Makunduchi, hupigwa uso kwa uso, wakati Mji Mkongwe na pwani yote ya magharibi hukaa nyuma ya kisiwa na kupata utulivu. Kaskazi ikivuma, upande wa kaskazini-mashariki, kama Matemwe, ndio unaochafuka, na aliyeko Fumba au Kizimkazi huwa na nafuu. Kwa hiyo swali la "mwezi gani" halijibiki mpaka lifuatane na swali la "upande gani". Nimewasikia watu wawili waliokwenda Zanzibar Julai ile ile wakibishana, mmoja akisema bahari ilikuwa shwari na mwingine akisema hakuingia majini hata mara moja, na wote wawili walikuwa wakisema kweli. Wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa ndio peke yao wanaoutafuta upepo huo kwa makusudi. Hao hujaa Paje katika misimu yote miwili na huondoka upepo unapokatika.

Kwa familia nyingi za Tanzania uchaguzi wa mwezi haupo kabisa, kwa sababu watoto hufunga shule Juni na Desemba. Juni si mwezi mbaya. Kipupwe kimeingia, usiku unalalika bila feni, mvua imekwisha na barabara zimekauka. Ubaya wake uko kwenye kuvuka. Safari ya boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni ya karibu saa mbili, na katika kusi saa mbili hizo zinaweza kuwa ndefu sana kwa mtoto mwenye tumbo jepesi. Ushauri wangu ni kuchukua boti ya asubuhi, kwa kuwa upepo huzidi kadiri jua linavyopanda, kukaa sehemu ya chini karibu na nyuma, na kutowapa watoto chai ya maziwa kabla ya kuondoka. Kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba katika miezi hiyo ni kugumu zaidi, na anayeweza kulipia ndege ndogo asijione mwoga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, safari iahirishwe bila mjadala. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, bahari ikiwa imechafuka, na ajali ile haipaswi kusahauliwa na mtu yeyote anayepanga kuvuka katika kilele cha kusi.

Wapo pia wenye sababu nzuri ya kwenda Julai hasa, na sababu hiyo ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto kuukaribisha mwaka wa Kishirazi. Hapo upepo hauna cha kuharibu.

Sasa maji. Jambo hili husahauliwa na karibu kila mtu anayepanga safari akiwa bara, ilhali ndilo linaloamua siku yako itakwendaje. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa sana kwenye saa kumi alasiri. Juma moja baadaye, katika maji mafu, mambo hupinduka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, ingawa si kwa wingi ule. Mtu anayelala Jambiani kwa nia ya kuogelea baada ya kifungua kinywa, na akaja siku za mwezi mpevu, atafungua mlango na kukuta bahari imekwenda zake hadi mwambani, na mbele yake kuna mchanga, mashimo ya kaa na mwani tu.

Hata hivyo, mimi napenda kufika Jambiani siku hizo hizo za bamvua. Kilimo cha mwani kimekuwapo pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na bamvua ndiyo wakati wake wa kazi. Maji yakishapwa, kina mama hushuka na magunia na kamba, huinama kwenye safu za vigingi, hufungua kilichokomaa na kufunga vipande vipya kimoja kimoja kwenye kamba, huku wakizungumza kwa sauti kubwa ili wasikiane katikati ya upepo. Mama mmoja aliniambia bila kuinua kichwa, "Mwanangu, bahari ina saa zake, ukizijua, itakulisha." Baada ya saa mbili hivi maji huanza kurudi kwa kasi, na kazi husimama, iwe imekamilika au la. Asiyependa kusubiri maji namna hiyo akae Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali.

Mafia ina kalenda yake, na kwangu ndiyo inayostahili kupangiwa kwa uangalifu kuliko zote. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, hukaribia pwani ya magharibi ya kisiwa, mbele ya Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Wengi wanaoonekana hapo bado hawajakomaa, lakini hata hao hufika mita 6 hivi. Kinachowaleta ni chakula, hasa uduvi, ambao hujikusanya karibu na uso wa maji. Nahodha haitafuti pezi. Hutazama rangi ya maji na mahali ndege wanaposhuka, kisha huzima injini. Ukiingia majini unaona kwanza doa jeusi, halafu madoa meupe yaliyopangika mgongoni, halafu kinywa kilichoachama kikipita taratibu na kukuacha kama vile hukuwapo. Hawashikwi wala hawafukuzwi. Katika miezi hiyo hiyo wazamiaji huweza kutoka nje ya Ghuba ya Chole, jambo ambalo kusi huwazuia. Anayefungwa na likizo ya Juni atawakosa papa hao, ila huenda akaviona vitoto vya kasa vikianguliwa kisiwani Juani, na akichelewa hadi Agosti, nyangumi wanaopita na mkondo.

Nikirudi kwenye mvua, naona masika imesingiziwa na vuli imependelewa. Masika ya Machi hadi Mei ni nzito kweli, na Aprili ndio mwezi wake mbaya: hoteli nyingi za visiwani hufunga kwa matengenezo, na barabara za vumbi huwa tope. Mwaka 2024 mafuriko yalifunika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti mwezi Aprili, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikafika hadi Mafia, boti za kwenda Zanzibar zikasimamishwa. Lakini katika Machi ya mwanzo, na tena katika majuma ya mwisho ya Mei, mvua mara nyingi hunyesha alfajiri kisha jua likatoka, bei zikiwa zimeshuka na Mji Mkongwe ukiwa wa wenyeji wenyewe. Vuli, ambayo kila mtu huiita mvua ndogo, huweza kugeuka. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakipata joto kupita kawaida, Oktoba hadi Desemba hunyesha kama masika, ilivyokuwa mwaka 2019 na tena mwaka 2023. Kwa bahati nzuri Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza, na mimi silipi fedha ya Novemba kabla ya kuusoma.

Wanaotaka kuunganisha bahari na mbuga wakumbuke kwamba nchi hii haina majira mamoja. Kusini na katikati mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na kambi nyingi za Hifadhi ya Nyerere hufungwa Aprili na Mei kwa sababu ya tope. Nyumbu huzaa Ndutu, kusini mwa Serengeti, Januari na Februari, na huvuka Mto Mara kuanzia Julai. Kwa hiyo Februari huunganisha vizuri nyumbu wanaozaa na papa wa Mafia, kwa atakayevumilia joto linalopita nyuzi 32 mchana.

Kuna majira mengine visiwani yasiyotokana na upepo wala mvua, nayo ni Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8, kwa kutegemea mwandamo, kwa hiyo itaangukia katikati ya kaskazi. Mchana migahawa mingi ya mitaani hufungwa na kula hadharani ni utovu wa adabu, lakini jioni, baada ya futari, Mji Mkongwe hukesha. Anayetaka kaskazi pamoja na chakula cha mchana aende Januari. Anayetaka kumalizia na Sikukuu ya Idd akate tiketi ya boti mapema, kwa sababu juma hilo nusu ya Kariakoo huwa inarudi kwao Unguja na Pemba.