Babu na ile herufi m

Juzi binti yangu yuko mezani na homuweki ya bailojia, ananiuliza, "Baba, eti maharage ni Phaseolus vulgaris, hiyo vulgaris si ndo matusi?" Nikacheka, nikamwambia hapana mama, hicho Kilatini, maana yake ya kawaida, ya watu wote, yule Mswidi Linnaeus aliyapa hilo jina 1753 na wala hakuwa anamtukana mtu. Akaandika, akahamia swali linalofuata. Mimi ndo nikabaki nimekwama pale, maana kwangu maharage na Kilatini ni usiku mmoja.

Desemba 1994, likizo, nimemaliza fomu tuu. Nilikuwa nasoma seminari, nikarudi nyumbani kichwa kimejaa mensa, mensa, mensam, mensae, mensae, mensa, yani neno la Kilatini la meza na maumbo yake, tulikuwa tunaimba darasani kama tebo, na nyumbani kila kitu nakiita kwa Kilatini mpaka kuku. Mama alishanichoka siku ya pili tu.

Sasa jioni hiyo tuko jikoni, lile la nje la kuni, koroboi inafuka, Babu yuko kwenye kigoda na ungo mapajani anapukuchua maharage. Ganda kavu likipasuka linasema ta, harage linarukia jivuni, na Babu haachi, analitafuta kwa vidole mpaka alipate. Nikasimama, nikanyoosha mikono kama padri, nikasema kwa sauti nzito, "Introibo ad altare Dei." Nitaingia altareni kwa Mungu, maneno ya padri ya mwanzoni mwa misa ya Kilatini. Nilitaka kuringa tu, hakuna kingine.

Babu hata kichwa hakuinua. "Ad Deum kwi letifikat yuventute mea." Harakaharaka hivo, kama mtu anayeitikia hodi, na mikono inaendelea na maganda.

Niliganda. Kumbe alikuwa mtumikiaji miaka ya thelathini huko, misa ikiwa bado Kilatini mwanzo mwisho, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kufungulia lugha zetu. Shule yake iliishia darasa la nne. Na mimi badala ya kushangaa kama mtu mwenye akili nikafanya nini? Nikamsahihisha.

"Babu, ni juventutem meam. Kuna m mwishoni. Ni akuzativi." Yani umbo linalovaliwa na neno linalotendewa.

Mikono ikasimama. "Ni nini?"

"Akuzativi, Babu."

Akaniangalia kama anayekagua debe la mahindi sokoni. "Maana yake nini?"

"Akuzativi?"

"Achana na hiyo. Hayo maneno."

Jamani. Miaka sitini anayo mdomoni na hakuna aliyewahi kumwambia. Nikaanza kuyachambua kwa vidole, Deum ni Mungu, laetificat anafurahisha, juventutem, juventutem... ujana. "Kwa Mungu, anayeufurahisha ujana wangu."

"Ujana wangu," akarudia polepole. Akaliangalia goti lake, lile lililovimba. Halafu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, ungo ukamtoka mapajani na maharage yakatawanyika jikoni kote, tukapiga magoti wote wawili tunaokota kwenye giza. Macho yake yalikuwa na maji. Moshi nao ulikuwa mwingi, kwa hiyo sijui.

Upadri sikuupata. Babu tulimzika 1998, misa ya Kiswahili tupu.

Miaka mingi baadaye ndo nikaja kusoma kwamba hiyo m ya mwisho hata Warumi wenyewe mtaani walikuwa wanaimeza, na kuna mwalimu mmoja wa zamani aliacha orodha ndefu ya kukosoa watu, humo kaandika "mensa non mesa", yani sema mensa, usiseme mesa. Hawakumsikiliza. Mesa ya mtaani ndo wakabaki nayo Wareno, wakaja nayo pwani kwetu, na ndo hii meza binti yangu anayoandikia vulgaris yake. Huyo mwalimu namwelewa sana, yani ningekaa naye vizuri tu, yeye na orodha yake na mimi na akuzativi yangu.

Ila kuna kitu sikumaliza. Jioni iliyofuata kabla ya rozari, wote tumeshakaa, Babu akanigeukia, "Haya padri, anza." Nikaanza, Introibo ad altare Dei. Akajibu kwa sauti kubwa, safari hii polepole, neno moja moja, mpaka yuventute mea. Akaikatia hapohapo, bila m, akanikazia macho anasubiri niseme nini.