Machicha ya nazi nyinyi mwatupa wapi?

Nyumba yetu hii ya Langoni, hapa Lamu, tuko watu saba na nazi zakunwa kila siku, mchana mchuzi, jioni wali, sasa piga hesabu machicha yake. Zamani yote tulikuwa tunayatia gunia moja na pampasi za mtoto na chupa za soda, alafu twangoja mwenye punda aje abebe kupeleka jaani, maana vichochoro vyetu gari utapitisha wapi.

Basi nkaamua nifanye mbolea uani, pale kwenye mdimu. Kosa langu nliwaambia watu wa nyumbani "kila kinachooza tieni humo" na wao wakatia kila kinachooza. Wali uliolala, vichwa vya samaki, mpaka mchuzi wa papa. Paka wa Lamu mwawajua, siku ya pili wamejaa uani kama wamealikwa harusi, na usiku panya. Machicha nayo yaligandamana donge moja, yale yana mafuta na yakilowa hewa haipiti, yakatoa harufu ya uchachu mpaka mamangu akasema mie nyumba yangu haitageuzwa jaa.

Sahizi kuna ndoo mbili jikoni. Ya kijani ndo ya mbolea: maganda ya ndizi na muhogo, majani ya chai, mashina ya mchicha, maganda ya mayai yaliyopondwa. Samaki na nyama hapana kabisa, vichwa wapewe paka waziwazi waridhike, makoko ya wali ni ya kuku wa jirani. Vifuu twawashia moto. Makumbi sijui niyafanyeje wallahi, hayaozi upesi, yamejaa tu pembeni. Machicha yaingia lakini nayatawanya kidogo kidogo juu ya majani makavu ya mkungu, na kila ndoo moja ya mabichi naweka mbili tatu za makavu, ikizidi unyevu yanuka, ukifinya mkononi yafaa utoke tone moja mbili basi. Maji ya kuinyunyizia natumia yale ya kuoshea mchele kwa sababu kisima chetu kina chumvi.

Mavi ya punda hapa hayanunuliwi, lakini yachambueni jamani, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na mpaka leo natoa vipande humo, punda masikini wala kila wanachokikuta.

Rundo langu la mbolea ni dogo, lapata uvuguvugu tu, halifiki zile digrii 55 za kuua mbegu, ndo mana kila nlipomwaga mbolea mapapai na nyanya zaota zenyewe. Sijazing'oa. Ule mchanga wetu ulikuwa ukimwaga maji yapotea hapo hapo, sasa chini ya mdimu asubuhi wakuta bado kuna unyevu.

Jana wakati nageuza nimekuta kijiko, tena cha ile seti ya mama ya wageni. Nimekiosha nkarudisha kabatini kimyakimya.