Saa ya dhahabu

Leo jioni nimekaa kwenye ngazi za chemchemi ya Piccadilly Circus, hapa London, namsubiri dada yangu. Miaka yote napita pale, naiona ile sanamu yenye mbawa na upinde, basi.

Leo nikasoma maandishi, nikafungua simu. Kumbe ni kumbukumbu ya Lord Shaftesbury, iliyozinduliwa 1893!

Bwana mwenye mashamba Dorset, kusini mwa Uingereza, mbunge, ndiye aliyepigania sheria ya 1842 iliyowatoa wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kwenye mashimo ya migodi.

Lakini kilichonishika ni utoto wake. Wazazi hawakuwa na muda naye. Aliyempenda ni mtumishi wa nyumbani, Maria Millis, akamfundisha kusali. Alipofariki, alimwachia saa yake ya dhahabu.

Akaivaa hadi uzeeni. Lord mzima, na saa ya yaya.

Machozi yakanitoka palepale. Nimemkumbuka dada wa kazi aliyenilea Tanga, mama akiwa safarini kibiashara. Kanga yake ninayo bado, pindo limechanika, naiweka chini ya mto.

Ndugu zangu, nani aliwalea ninyi na si wa damu yenu? Mtajeni hapa, hata kwa jina la utani tu.