Gari ya korti imefika Bugiri

Juzi simu yangu imelia nikiwa na mikono ya unga, Shamu akaipokea akaweka spika, sauti ya mwanaume ikaanza "Madamu, tunakupigia kuhusu lile deni lako" na mi nikamwambia Shamu kata, akakata, tukacheka. Alafu akaniuliza, hivihivi tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Lakini mama, ile ingine ya mjomba Kadogo, kwani alikopa kweli?"

Nikamwambia alete maji.

Nyinyi mnakumbuka 2021, ile lokidauni ya pili, siku 42. Wakati ule kila mtu hapa Busia alikuwa analala na simu kifuani kwa sababu ya zile laki moja za serikali zilizokuwa zinatumwa kwa mobail mani, pesa za Nabbanja tulivyokuwa tunaziita, kwa jina la waziri mkuu, na hakuna aliyejua zake zitaingia lini au kama zitaingia. Mi pia nilikuwa nimeandikwa jina. Kwa hivo namba ngeni ikipiga unaipokea mbio, tena kwa adabu, unaanza na salamu ndefu, huwezi jua ni nani. Mi naona wale wezi walishaelewa hiyo kitu mapema sana.

Nilikuwa sokoni nachambua mukene (hapo ng'ambo Kenya wanaita omena, samaki ni yuleyule, akivuka ndo anabadilisha jina na bei). Namba ngeni. Nikajipangusa, nikapokea. Mtu akaanza kwa Kiswahili kile cha kambini, cha amri, na huku kwetu Uganda mnajua, ukiongeleshwa Kiswahili cha namna hiyo unasimama kwanza ndo unauliza kuna nini. Akataja jina la mdogo wangu, huyohuyo Kadogo. Majina yote matatu, hata lile la babu ambalo sisi wenyewe nyumbani hatulitumii. Hapo ndo alinishika. Akasema yeye ni bailifu wa korti, anapiga kutoka Kampala, mdogo wangu amekopa kwa kampuni fulani akaniandika mi mdhamini, deni na riba limefika 760,000, waranti imeshatoka, na gari yenye askari ilitoka asubuhi kuja kunichukua mpaka jela ya Luzira.

"Saa hii wako Iganga," akasema. "Na usikate simu madamu, ukikata tunahesabu umekimbia."

Sikukata. Nilifunika mukene na gunia, nikamwambia jirani niangalizie, nikatembea na simu sikioni nikiwa na laki nne kwenye fundo la lesu, pesa za kwenda kuleta mzigo Majanji, na kusema ukweli si zote zilikuwa zangu, zingine zilikuwa za kina mama wa kikundi. Yeye huku anaongea tu bila kupumua, ati nina bahati amenipigia, ati wengine wanachukuliwa usiku mbele ya watoto. Sikufikiria hata kitu kimoja. Shule sijaenda sana lakini hesabu za mukene hakuna anayeniibia, sasa sijui akili ilikuwa imeenda wapi.

Pale kwa kibanda cha mobail mani kulikuwa na watu watatu wanangoja, nikapita mbele yao nikamwambia yule kijana ajenti weka laki tatu na themanini kwa hii namba, haraka. Bailifu alikuwa amesema nikilipa nusu anairudisha gari. Kijana akabonyeza, akafika pale jina la mpokeaji linapotokea, akaacha kubonyeza. Akaangalia simu, akaniangalia mi.

"Mama Shamu, unamwekea nani?"

"Korti."

"Korti gani inaitwa jina la mwanamke?" Akanigeuzia simu nione. Majina mawili, ya dada fulani tu, kama dada yeyote.

Niliwakasirikia wote wawili, na kijana nilimkasirikia zaidi, kwa sababu wale watatu nyuma yangu walikuwa wamesikia neno korti na sasa walikuwa kimya kabisa, ule ukimya wa watu wanaotega masikio. Bailifu naye alikuwa amesikia, akasema huyo ni keshia wetu. Kijana akasema watu wanaolipa serikali wanakuja hapa na PRN, ile namba ya malipo ya serikali, muulize PRN ngapi. Nikauliza. Akasema PRN itafuata, wewe tuma, gari imefika Bugiri.

Iganga mpaka Bugiri kwa dakika chache vile? Lakini hata hapo sikushtuka, wallahi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa napiga hesabu nikitoa hizi pesa nitawaambia nini kina mama. Yeye akafikiri nimekataa.

"Sawa madamu, naona wewe ni mzazi. Tuma laki mbili."

Nikaendelea kunyamaza.

"Tuma hata laki na hamsini, ya mafuta ya gari."

Sasa hapo. Mi nimeuza mukene miaka mingi, najua sauti ya mtu anayeshusha bei kwa sababu jua linazama na mzigo bado uko chini. Ni sauti yangu mwenyewe ya saa kumi na mbili jioni. Magoti yalikuwa bado yanatetemeka lakini mdomo ukajisemea wenyewe: "Na elfu tano je?"

Akanyamaza. Na nawaambia, nilimsikia anafikiria.

Alafu akanitukania mama yangu, akakata.

Kijana akanirudishia pesa zangu, wale watatu wakaanza kuongea kwa pamoja, kila mmoja ana shemeji yake aliyepigiwa. Tukajaribu kupigia kampuni ya simu kuripoti ile namba, tukasikiliza muziki wao mpaka eataimu ya kijana ikaisha, basi. Jioni mzee jirani yangu, yule aliyestaafu polisi, akanipa somo ambalo nilikuwa nalihitaji asubuhi: deni la pesa si kesi ya polisi, anayekudai anaenda kortini, unaletewa karatasi, unapewa nafasi ya kujitetea, na hata ile jela ya madeni ipo kweli lakini anayekupeleka ni hakimu baada ya hukumu, hakuna mtu anayepelekwa kwa simu. Na mdhamini anatia sahihi. "Ulitia sahihi wapi?" akaniuliza. Sikutia popote.

Yote sawa. Lakini yale majina matatu aliyatoa wapi? Namba zetu na vitambulisho vyetu tumeviandikisha mahali pengi mpaka tumesahau, kwa laini za simu, kwa vikundi, kwa kila mtu mwenye daftari, kwa hivo inawezekana yalitoka popote. Nasikia pia mtu akikopa kwa zile programu za simu inasoma namba zote alizohifadhi, za dada yake zikiwemo.

Usiku ule nikampigia Kadogo. Nikamsimulia yote, yeye anacheka pale pa elfu tano, vizuri kabisa. Alafu nikamuuliza, "Lakini hukukopa mahali?"

Akanyamaza. Si muda mrefu, muda tu wa mtu kumeza mate, na mtandao hapa kwetu pia unajua kukatakata. Alafu akasema, "Mi? Hapana dada."

Sijawahi kumuuliza tena. Yule bailifu hakupata hata shilingi yangu lakini kila Kadogo akitoka nje kupokea simu, mi masikio yanamfuata mpaka mlangoni.

Shamu alileta maji, akasimama pale na jagi. "Sasa mama, alikopa?"

Nikamwambia mjomba wako anakuja Jumamosi, muulize mwenyewe.

Akasema sawa, nitamuuliza. Huyu mtoto anauliza kweli, mnamjua. Jumamosi natafuta pa kumtuma.