Nilivyoiwasha kompyuta ya dada baada ya kubadilishwa diski, bila kupiga Windows upya

Mtaani kwetu Morogoro, kompyuta ikigoma kuwaka jibu ni moja: piga Windows, yaani iwekwe upya kuanzia mwanzo. Skrini nyeusi, piga Windows. Umebadilisha diski, piga Windows. Sibishi kwamba kuna wakati hiyo ndiyo njia pekee. Lakini kwa mashine ambayo imebadilishwa diski tu, na mafaili yote yameshahamia kwenye diski mpya, kupiga Windows upya ni kuifuta kazi iliyokwisha kufanyika.

Mashine yenyewe ni deskitopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne, yenye Windows 10. Dada yangu anaitumia kwenye steshenari yake. Diski yake ya GB 500 ilikuwa ya kuzunguka na ilishachoka: ukifungua Word unaweza kwenda kununua vocha na kurudi. Nilipoipima kwa CrystalDiskInfo ilitoa alama ya njano ya "Caution", maana kuna sekta zilizokufa ambazo diski ilikuwa imezikwepa. Dada akanunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 480, akampa fundi wa jirani amhamishie kila kitu. Fundi akahamisha, mashine ikagoma kuwaka, na hukumu ikatoka: "Dada, Windows imekufa, hii tuipige upya."

Dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, mimi sitaki kupigiwa Windows. Ile programu ya vitambulisho niliinunua, na CD yake siijui iko wapi. Na vijana wa mikopo ndio wanaanza kuja." Alikuwa anasema wale wanaoomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, wanaojaa steshenari na vyeti vya kuzaliwa vya kuskani. Kwenye mashine ile kulikuwa na draiva ya skana ya zamani ambayo kuipata mtandaoni ni shughuli, fonti, vielelezo vya picha za pasipoti, na daftari lake la mapato la Excel. Alikuwa na haki ya kukataa.

Swali langu la kwanza kwake lilikuwa kama mashine inawaka ikirudishiwa diski ya zamani. Inawaka, akasema, polepole vilevile. Jibu hilo liliondoa mashaka mengi kwa mkupuo: ubao mama mzima, RAM nzima, pawa saplai nzima. Tatizo liko kwenye kile kilichohamishwa, au kile ambacho hakikuhamishwa.

Na hapo ukubwa wa diski ndio ulionipa jibu. Diski ya GB 500 Windows huionyesha kama 465, na ya GB 480 huionyesha kama 447. Programu za kunakili diski nzima, Clonezilla ikiwemo, kwa kawaida hukataa diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, hata kama data yenyewe haijafika nusu. Fundi alipokwama hapo akainakili C, yaani sehemu yenye Windows na mafaili, peke yake. C ilihama kamili, hilo nampa sifa. Lakini Windows haiwaki kutokana na C. Kwenye mashine ya UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta, kuna patisheni (kipande cha diski) ndogo, aghalabu ya MB 100 hivi, ya mfumo wa FAT32, ambayo huioni ukifungua This PC. Ndani yake ndimo lilimo faili la bootmgfw.efi, ambalo BIOS, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, hulitafuta kwanza, na hazina ya BCD inayosema Windows iko kwenye patisheni ipi. Samani zote zilihamia nyumba mpya, ufunguo ukabaki nyumba ya zamani.

Nilipofika dukani niliiweka diski ya zamani pembeni, imechomolewa kabisa. Hiyo ndiyo bakapu, haiguswi. Kuna sababu nyingine pia: ukiacha diski mbili zenye Windows ileile kwenye mashine moja, unaweza kudhani umetengeneza kumbe unawasha kupitia ile ya zamani, na siku ukiichomoa unarudi mwanzo. Kisha nikaingia BIOS na kupiga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kubadilisha chochote. SSD ilionekana kwenye orodha ya SATA, yaani milango ya diski, kwa jina na ukubwa wake, kwa hiyo kebo na umeme havina neno.

Flashi nilikuja nayo, ya GB 8, niliyoitengeneza kwa Media Creation Tool. Watu wengi wakiona flashi ya Windows wanadhani kazi yake ni kupiga Windows tu. Ukiiwasha, ukurasa wa "Install now" una maandishi madogo chini kushoto: "Repair your computer". Ingia hapo, Troubleshoot, halafu Command Prompt. Startup Repair niliijaribu kwa heshima tu. Ikazunguka, ikasema haiwezi.

Kwenye dirisha jeusi niliandika diskpart, chombo cha kupanga diski, kisha list disk. Hapa kuna safu ya mwisho inayoitwa Gpt. Diski iliyopangwa kwa GPT, mpangilio wa patisheni unaoendana na UEFI, ina alama ya nyota hapo. SSD ya dada haikuwa na nyota, maana yake ilipangwa kwa MBR, ule mtindo uliokuwepo tangu mwaka 1983. Mashine ilikuwa imewekwa UEFI, na kwa hali hiyo haikuwa na cha kuwashia kwenye diski ile hata kidogo. Nikatoka diskpart, nikaandika dir C:\ na folda za Windows, Users na Program Files zikajitokeza zote. Angalia herufi kwa makini ukiwa kwenye flashi, kwa sababu hapo herufi hupangwa upya. Kwenye mashine nyingine nimeikuta Windows ikiwa D au E. Nilimwita dada aone majina ya mafolda yake kwenye skrini. Alishusha pumzi, akarudi kwa wateja wa kutoa kopi.

Kama SSD ingekuwa ya GPT na ina nafasi tupu, kazi ingekuwa fupi, na kwa laptopu nyingi za siku hizi ndivyo inavyokuwa. Unarudi diskpart, unaichagua diski, unaandika create partition efi size=100, kisha format fs=fat32 quick, kisha assign letter=S, unatoka. Halafu amri moja: bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Basi. Bcdboot inanakili mafaili ya kuwashia kutoka ndani ya Windows yenyewe na kuandika BCD mpya. Mitandaoni utakuta watu wanaandikiana bootrec /fixmbr na bootrec /fixboot kama dawa ya kila kitu. Kwenye mashine ya UEFI ile ya kwanza haisaidii chochote, na ya pili mara nyingi hukujibu "Access is denied". Mimi nilishaacha kuanza na hizo.

Kwa MBR kuna chombo kizuri cha Microsoft kilichoingia na toleo la 1703 la Windows 10, mwaka 2017: mbr2gpt. Kinaigeuza diski kuwa GPT bila kufuta data, kinajikatia nafasi ndogo kutoka C, na kuweka humo mafaili ya UEFI. Nikaandika mbr2gpt /validate /disk:0, nikajibiwa kwamba mpangilio wa diski haukubaliki. Ina haki: kabla ya kugeuza, inataka ikute patisheni iliyowekwa alama ya "active" yenye BCD inayoonyesha Windows ilipo. Ya kwetu haikuwa na vyote viwili.

Kwa hiyo ilibidi nizunguke: kwanza niifanye diski iwake kwa mtindo wa zamani, halafu ndipo niigeuze. Kwenye diskpart nikachagua diski 0, nikachagua patisheni ya kwanza, nikaandika active, nikatoka. Kisha:

bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS

na baada yake bootsect /nt60 C: /mbr, ambayo faili lake lipo kwenye folda ya boot ya flashi. Nikaingia BIOS, nikazima kwa muda Secure Boot (ulinzi unaokataa kuwasha kwa mafaili yasiyothibitishwa), nikaruhusu Legacy, yaani ule mtindo wa zamani wa kuwasha, nikawasha.

Nembo ya Windows ikatokea. Vidoti vikazunguka kidogo, halafu skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Wengi wangekata tamaa hapa, lakini ujumbe huu ni hatua ya mbele. Windows imeshapatikana na imeanza kupakiwa. Imeshindwa tu kuisoma diski yake kwa draiva iliyonayo. Jambo la kwanza la kuangalia ni mpangilio wa SATA kwenye BIOS. Nikarudi kwenye picha za simu: SATA ilikuwa imewekwa IDE, namna ya zamani ya kuongea na diski. Kwa mashine ya umri ule iliyopigwa Windows 10 nilitegemea AHCI, ile namna mpya, na dada akakumbuka kwamba fundi "alichezea mambo ya bluu" kabla ya kukata tamaa. Nikairudisha AHCI, nikawasha tena, na deskitopu ikafunguka na picha ya watoto wake pale nyuma.

Ningeweza kuishia hapo. Dada alitaka niishie hapo, kuna mtu alikuwa anasubiri kuskaniwa cheti. Nami nakiri kwamba kwa diski ya GB 480 MBR haina shida, kikomo chake cha TB 2 kiko mbali. Kilichonisumbua ni betri ndogo ya ubao mama, CR2032. Mashine ya umri ule betri yake ikiisha, umeme ukikatika BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwa mashine ile mipangilio ya kiwandani ni UEFI. Siku hiyo diski ya MBR isingewaka, na mtu angekuja tena na wimbo wa kupiga Windows. Nikamwomba dada muda kidogo, nikarudi kwenye flashi. Safari hii /validate ilikubali. Nikaandika mbr2gpt /convert /disk:0, ikamaliza muda mfupi tu, nikarudisha UEFI na Secure Boot kwenye BIOS, mashine ikawaka moja kwa moja. Betri nayo nikabadilisha, bei yake ni ndogo.

Windows haikudai namba ya leseni, kwa kuwa leseni ya kidijitali inafuata ubao mama, si diski. Programu ya vitambulisho ikafunguka, skana ikaitika. Kitu ambacho hakikurudi ni patisheni ya uokoaji, iliyobaki diski ya zamani. Amri ya reagentc /info inaonyesha imezimwa. Flashi inafanya kazi hiyohiyo, nimemwachia dada kwenye droo ya risiti. Kwa mwenye laptopu mpya naongeza jambo moja: kabla ya kugusa Secure Boot au kuhamisha diski, hakikisha una ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa siri, maana laptopu nyingi huja zimeshafungwa bila mwenyewe kujua, na bila ufunguo huo hakuna fundi wa kukusaidia.

Dada anataka ile diski ya zamani irudishwe ndani iwe ya kuhifadhia picha za wateja. Nimekataa. Bado ina patisheni yake ya kuwashia na BIOS inaweza kuichagua yenyewe, na hata nikiifuta kwa amri ya clean, zile sekta zilizokufa hazifufuki. Iko kwenye bahasha ya kaki yenye tarehe, ikisubiri tuhakikishe hakuna faili lililosahaulika. Picha za wateja atanunua diski ya nje.