Mti gani unakua haraka?

Mvua za Machi zikikaribia, magari huanza kusimama mbele ya kitalu changu hapa kando ya barabara, na swali ni lile lile: "Mzee, mti gani unakua haraka?" Jibu ni mkaratusi. Nalisema kwa sababu ni kweli, kisha nawaambia siuzi. Wengine hununa na kuvuka kwa jirani, ambaye anao tele. Mkaratusi ni mti wa nguzo na kuni, na una kiu. Ukiupanda kando ya kijito, usije kuniuliza kijito kimeenda wapi.

Siku hizi wanunuzi wakubwa si wenye maboma. Ni makanisa, kampuni na vikundi. Tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kutupa hadi likizo ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023, biashara imenoga. Lakini miche mingi niliyouza najua ilikufa kabla ya Februari. Watu hufika na fulana mpya, wanachimba, wanapiga picha, wanaabiri basi lao. Januari jua likiwaka, nani atabeba mtungi?

Ndiyo maana nataka kuwaeleza kuhusu wateja wangu wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi kando ya mto Ngong.

Mnakumbuka mafuriko ya Aprili 2024. Mwezi uliofuata serikali iliagiza waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakashuka Mathare na Mukuru. Baada ya kelele zile kukabaki vifusi, vipande vya mabati, mashimo ya vyoo, na muda si muda malori ya usiku yakaanza kumwaga taka. Ardhi kama hiyo ukiisikia ikitajwa mikutanoni utadhani ni pori lisilo na mwenyewe. Kikundi cha vijana kikaja kwangu kuchukua miche, nami nikaandamana nao kuona udongo.

Hatujatua mzigo, mama mmoja akatufuata. Pale tunamwita Mama Brayo. "Vijana, shikamooni zenu sizitaki," akasema. "Hapo mlipoweka miche ni jikoni kwangu."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kilichofuata, kwa maoni yangu, ndicho kilichookoa miti ile: kazi ilisimamishwa, kikaitishwa kikao, na waliokuwa wakiishi ukingoni wakaitwa wote, hata waliohamia mbali kidogo. Walikuwa na hasira, na walikuwa na haki ya kuwa nayo. Mwishowe wakakubaliana kwamba pesa zozote za kumwagilia na kulinda ziende kwao kwanza, na kila nyumba itunze miti ya pale ilipokuwa imesimama. Mama Brayo akachagua mwenyewe: mukinduri mahali pa jiko, muringa mlangoni. Mbuzi akikanyaga pale utamsikia mama huyo hadi ng'ambo ya mto.

Kuna waliotaka kupanda sukuma wiki katikati ya mistari miche ingali midogo. Hapo nilikataa kwa nguvu. Mto ule unapita Industrial Area, eneo la viwanda, kabla ya kuwafikia, na mboga zake mimi sili. Nyasi za ng'ombe nazo ni chakula kwa mlango wa nyuma, maana maziwa tunayanywa sisi, nikawaambia hivyo hivyo. Wakaamua kuotesha miche yao wenyewe, ya kuuza. (Kwa hiyo nimejiletea mshindani. Sawa tu.)

Udongo wenyewe ni kazi. Sehemu kubwa ya Eastlands, upande huu wa mashariki wa Nairobi, ni udongo mweusi, ukilowa unang'ang'ania kiatu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Juu yake weka saruji iliyovunjwa. Tulichimba mashimo mapana, tukatoa mawe, tukajaza mboji na samadi. Karibu na maji tuliweka migunga ile ya gome la manjano, ambayo haiogopi miguu yake kulowa. Kwa wanaosema ardhi iliyokufa haifufuki, waende Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu. Mvinje ukashika, majongoo wakasaga majani yake yakawa udongo, na leo watu wanalipa kiingilio kuona msitu huo.

Kijana mmoja aliniomba muhugu kwa sababu babake huchonga vinyago katika soko la Gikomba. Nikampa, nikamwambia ukweli: huu utachongwa na mjukuu wako.

Wasiwasi wangu si mbuzi wala jua. Ni hati ya ardhi. Karura, hapa Nairobi, ulikuwa msitu wa serikali uliotangazwa rasmi, na bado miaka ya tisini vipande vyake viligawiwa watu binafsi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko kwa kwenda kupanda mche. Ikiwa Karura uliponea chupuchupu, ukanda wa vifusi Mukuru utajitetea kwa nini? Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya kutunza msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, na Karura ulifufuka kwa njia hiyo. Watu husifu ua wa umeme. Mimi nasifu zaidi kwamba wakazi wa kijiji cha Huruma, pale ubavuni mwa msitu, walipewa kazi ndani yake. Mtu aliyekuwa akiingia kukata kuni usiku ndiye anayejua kila njia ya mwizi.

Mukuru hawana ulinzi wa namna hiyo. Wana barua moja yenye mhuri, na nakala zake ziko katika nyumba kadhaa ili moto ukizuka zisiteketee zote. Nimewashauri waipiganie iwe makubaliano ya maandishi yenye miaka ndani yake, kabla miti haijawa mirefu kiasi cha kumvutia mtu mwenye ramani.

Mvua za vuli zinakuja. Kampuni mbili zimeshaniuliza kama zinaweza kupanda pale. Nimezipa namba ya mweka hazina wa kikundi, na masharti yao ni haya: fulana hapana, mitungi ya lita ishirini ndiyo, na mshahara wa wamwagiliaji hadi mvua za masika mwakani, ulipwe mapema.