Breki zilipoanza kunuka

Jana nimevuka mlima na tela la tani mbili nyuma ya dizeli yangu ya zamani, isiyo na turbo, yaani kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kupanda hakukunisumbua. Injini ya aina hii hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, maana hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo sikushindana nayo. Gia namba mbili, mwendo wa pole, jicho kwenye geji ya joto. Moshi ukiwa mweusi, napunguza mafuta.

Kushuka ndiko kulikonitoa jasho. Dizeli za zamani hazishiki mwendo kama petroli ukiachia mafuta, nami niliingia mteremko na namba tatu. Kosa kubwa hilo! Kona ya tatu nikasikia harufu kali ya kuungua, na pedali ikaanza kuzama laini chini ya mguu. Nikaegesha pembeni upesi, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikakaa dakika 40 nzima. Ringi ya tela ilikuwa na joto kiasi kwamba mkono haukukaribia.

Nilipoondoka niliweka namba mbili kabla gari halijasogea. Nikawa nakanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, naachia zipoe, nakanyaga tena. Tulifika salama, namshukuru Mungu.

Asubuhi hii nimefungua kikopo cha mafuta ya breki: meusi kabisa. Mafuta hayo hunyonya unyevu, na yakizeeka huchemka mapema. Nabadilisha yote leo, ya tela pia.